Skrubu Iliyobaki Kiogoro

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa mwingine ataitia chumvi, na yenyewe imekolea tayari.

Mume wa binti yangu Kemunto, kijana wa huko ziwani, alinunua boti kuukuu ya injini, na injini ikakataa kuwaka, mafundi wa kwao wakabadilisha betri, wakabadilisha plagi, wapi, mpaka baba yake akasema iuzwe vyuma chakavu. Nikaagiza iletwe kwangu Kiogoro, huku Kisii. (Walicheka, eti mtu wa milimani ajue boti? Shule niliiacha mapema, lakini hakuna mashine ya kusaga mahindi huku iliyonishinda.) Nikafuata waya mmoja mmoja kwa vidole, nikakuta ule wa arthi, unaorudisha umeme kwenye betri, umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye injini, nikaukwangua, nikaukaza, nikaunganisha mpira wa maji ili injini isiungue, nikagusa ufunguo. Ikanguruma.

Sasa, Kisii mvua ni ya kila alasiri, na boti ilikuwa inajaa kama beseni, kwa hivyo nilifungua skrubu ya shaba inayoziba tundu la kutolea maji kule nyuma, maji yakatoka, skrubu nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Siku ya kuirudisha boti nilivaa suti. Ovaroli ilibaki kwenye msumari.

Ziwani wakwe walikuwa wamejipanga ufuoni. Nikawasha kwa mguso mmoja, nikasogea kidogo kutoka ufuoni, halafu, badala ya kurudi, nikasimama humo humo nikaanza kuwahutubia juu ya waya wa arthi, mpaka nikahisi soksi zimelowa, kisha magoti. Mkwe wangu akaingia majini mbio.

“Baba, panda mgongoni.”

Kwetu baba mkwe habebwi na mume wa bintiye, hata kama anazama.

“Nipishe,” nikamwambia, nikateremka na suti yangu, maji kifuani, kofia kichwani, nikatembea mpaka nchi kavu, na nyuma yangu injini bado inanguruma.

Baba yake kijana akanipa mkono. “Mzee, injini umeiponya. Boti nayo je?”

Tuliivuta, tukaikausha, nikaziba tundu kwa gunzi la mahindi, ikawaka tena, na habari za vyuma chakavu zikaisha. Leo ile skrubu na ufunguo vimefungwa kamba moja, na sihutubii mtu yeyote kabla sijainama kutazama nyuma.

Lakini mkienda kuisimulia huko, msiache kusema kwamba iliwaka kwa mguso mmoja.