Siku Meli Ilipokuja Kunywa Kahawa kwa Hallbera

Dada yangu Hallbera hajawahi kumwomba mtu radhi, na sioni dalili kwamba ataanza sasa, akiwa na miaka sabini na mitatu. Alizaliwa Kolbey, kisiwa ambacho mtu mwenye mwendo wa kawaida anakimaliza kwa dakika ishirini. Lakini kuanzia Mei mpaka katikati ya Julai hakuna mwendo wa kawaida Kolbey, kwa sababu Hallbera hakubali. Miezi hiyo kisiwa ni cha bata bahari, na mimi na yeye ni wapangaji tu.

Bata wanapanda kutoka majini, majike wanatafuta nafasi kati ya mawe meusi, wanajinyofoa manyoya laini ya kifuani na kutandikia mayai. Sisi tunapita taratibu, tunachukua sehemu ya manyoya hayo ya kuwauzia wanaojaza mito na mablanketi, tunaweka nyasi kavu mahali pake. Mayai hatuyagusi. Mama yetu aliishi kwa kazi hiyo, na mama yake pia, na wote wawili, kwa ninavyoambiwa, walikuwa na midomo kama ya Hallbera.

Ndege hawa wanatujua kwa nguo. Hallbera anavaa sweta ya kahawia ya marehemu mumewe Sumarliði, yenye kiraka kwenye kiwiko. Mimi ninavaa ya kijivu. Tukizivaa tarehe mosi Mei hatuzibadilishi wala hatuzifui mpaka kifaranga wa mwisho ameingia baharini, na ukitaka kujua kufika katikati ya Juni jikoni kwetu kunanukaje, njoo ukae na mimi mezani. Mwaka mmoja niliifua yangu kwa siri. Dada hakunisemesha wiki nzima, na wiki hiyo, nakiri, nilipumzika.

Juu ya kila kilima tunasimika vitambaa vya rangi na bendera kuukuu, na kwenye nguzo kuna redio inayosema mchana kutwa ili kicheche na kunguru wakae mbali. Hallbera anashikilia kwamba bata wanapenda rangi na wanapenda taarifa ya hali ya hewa. Mimi nilishaacha kubishana naye.

Vuli iliyopita mpwa wangu Dagrún, bintiye Hallbera, alikuja kutoka mji mkuu, Reykjavík. Yeye ni muuguzi na anaongea kama daktari mkuu. Mwezi ule nilikuwa nimeanguka kwenye ngazi, na mama yake alikuwa ameacha sufuria jikoni ikaungua mpaka kitako. Akatuketisha.

"Mama, mjomba, nisikilizeni. Mmezeeka. Nyumba ya wazee pale mjini Hólmur ina chumba kimoja kilicho wazi, na mimi nimeshaandikisha jina letu. Atakayekosea kwanza kwenye kazi ya ndege, ndiye atakayehama. Anayebaki nitamtafutia msaidizi. Sitaki mabishano."

"Nani abishane na wewe?" Hallbera akasema, akampa mkono haraka sana. Alikuwa na hakika kwamba atakayekosea ni mimi. Mimi pia nilikuwa na hakika hiyo hiyo, lakini nani anakataa kitu mbele ya Hallbera wakati yeye ameshakikubali? Nikatoa mkono.

Sasa nieleze ujinga wangu. Mwezi wa Machi, dukani Hólmur, nilikutana na mwanamume wa meli ndogo iitwayo Teista, ile inayobeba watalii tisini na kuizunguka nchi nzima kwa siku tisa. Akaniuliza habari za bata. Nikamweleza vizuri, nikamaliza kwa kumwambia, "Mkipita kwetu, karibuni kahawa. Ila baada ya katikati ya Julai." Akaandika kwenye kitabu chake. Naona kahawa aliiandika, Julai ikabaki kwenye kalamu.

Tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, Hallbera alikuwa dirishani na kikombe chake.

"Ketill. Kuna meli."

"Inapita."

"Imetia nanga. Njoo utazame hao watu wako."

"Watu wangu tangu lini?"

Redio ya mawasiliano ya boti, tunayoiweka jikoni, ikajibu kabla yake. Kiongozi wa msafara, mwanamke wa Kinorwe aitwaye Ragnhild, alituamkia kwa adabu. Huko kaskazini kumechafuka upepo, alisema, hawawezi kushusha watu, kwa hiyo wamekumbuka mwaliko wa kahawa wa Bwana Ketill. Tena wageni wamefurahi sana kuona kisiwa kizima kimepambwa bendera kwa ajili yao, na muziki juu.

Dada akanigeukia polepole. "Uliwaalika?"

"Niliwaambia Julai."

"Uliwaambia kahawa?"

"Nilisema tu, kama watu wanavyosema."

"Basi wamealikwa," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeng'olewa jino. "Mama yetu hakumrudisha mtu baharini bila kahawa hata wakati wa vita. Tisini. Mungu wangu, Ketill, tisini, na bata wamelalia. Ungealika na kicheche basi, tukamilishe."

Nilitaka kumwambia awakatalie. Mtu yeyote mwenye akili angekataa. Lakini Hallbera ana sheria mbili kichwani, mgeni wa baharini anapewa kahawa na bata hasumbuliwi, na siku hiyo aliamua kuzifuata zote mbili, mimi nipende nisipende. Akashuka kwenye gati la mawe na sweta yake ya kahawia, mikono nyuma, akizungumza na kila bata aliyempita. Pembeni ya njia ile kulikuwa na viota arobaini. Hakuna ndege aliyeinuka.

Sharti lake lilikuwa hili: watalii wabaki ndani ya mashua zao za mpira, zifungwe pamoja pale gatini, mtu asikanyage kisiwa, mtu asiongee zaidi ya kunong'ona. Kahawa itawafuata. Nilidhani watagoma. Wamelipa fedha za kununulia trekta, halafu waje kukaa majini kama mizigo? Ragnhild akawatafsiria. Wakakubali wote, na majaketi yao ya njano, wakatulia kuliko watu wa kanisani kwetu. Hilo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kuwakasirikia wao.

Tulikuwa na vikombe ishirini na vinne. Hallbera alipanda na kushuka, ndoo ya kahawa mkono huu, kapu la vikombe mkono huu, hatua za mtu anayebeba mtoto aliyesinzia. Mzee mmoja kwenye mashua ya kwanza alimnong'oneza swali, na yeye akachuchumaa, akafunua kiota kilicho karibu na gati, akamwonyesha manyoya na yule bata akiwa bado amekaa. Mzee akavua kofia. Miaka sitini na sita sijawahi kupata kutoka kwa dada yangu upole aliompa mtu yule asiyemjua.

Mimi hayo niliyaona kwa dirisha la jikoni, nikikaanga chapati za maji na kupaka siagi mikate ya bapa yenye nyama ya kondoo ya moshi. Nilipomaliza, nikajitazama. Sweta ya kijivu, wiki sita bila sabuni, madoa ya samaki. Tisini wametoka nchi za mbali, mwaliko ni wangu, na mimi nionekane hivi? Kwetu mgeni hapelekewi chapati na mtu aliyevaa matambara. Baba yetu aliwapokea hata wakaguzi wa kodi akiwa amevaa tai. Nikapanda chumbani, nikanawa, nikavaa suti nyeusi ya mazishi, shati jeupe na tai ya bluu. Nikachana nywele kwa maji. Nikatoka na sinia.

Wala sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka, na nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote.

Bata wa kwanza aliinuka nikiwa hatua tano kutoka mlangoni. Halafu wa pili, halafu upande wote wa njia ukapasuka mabawa. Arobaini kwa mpigo. Bata bahari akiruka kwa hofu anayachafua mayai yake kwa kinyesi na kuyaacha wazi, na shakwe wanalijua hilo kuliko sisi. Walikuwa juu yetu kabla sijaweka sinia chini.

Hallbera hakupiga kelele. Alisimama gatini, akaniita kwa sauti ya chini ambayo ningependa zaidi kupigwa mawe kuliko kuisikia.

"Ketill. Vua hilo koti."

"Dada, wageni…"

"Vua. Na suruali. Simama hapo hapo, usitembee na mavazi hayo hata hatua moja."

Nikavua. Mbele ya watalii tisini na kamera zao, kwenye upepo wa kaskazini, nikabaki na fulana na chupi ndefu ya sufu. Nikarudi ndani nikijikunja, nikavaa sweta yangu inayonuka, nikatoka tena. Hallbera alikuwa tayari anapita kwenye viota, anafunika mayai kwa manyoya na kuwafukuza shakwe kwa kitambaa cha kichwa. Nikashika upande wa pili. Kule majini hakuna aliyewasha injini. Ragnhild aliniambia baadaye kwamba nahodha alimwita mara tatu akitaka kuondoka, naye akamjibu kwamba hawatatikisa maji mpaka yule mama aseme.

Walikaa hivyo saa mbili, kahawa imepoa mikononi. Bata wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakitembea kwa hasira, wakitukwepa. Hallbera akawapungia watalii mkono, wakajivuta kwa makasia mpaka mbali ndipo wakawasha.

Jioni tulihesabu. Viota thelathini na kimoja vilikuwa na wenyewe. Tisa vilikuwa baridi.

Dagrún hupiga simu kila Ijumaa saa moja jioni, na ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa mezani. Hallbera aliweka sauti wazi kama kawaida, maana anasema simu sikioni inamtia joto.

"Mama, ndege wanaendeleaje?"

"Tumepoteza viota tisa leo," Hallbera akasema.

"Tisa? Kwa nini? Kicheche?"

Nilimtazama dada. Yeye alitazama kitambaa cha meza.

"Ni mimi," akasema. "Nilisahau nikavaa koti jingine. Wameruka."

"Wewe, mama?"

"Uzee. Ulisema mwenyewe. Andika jina langu kwenye hicho chumba."

Ningependa kusema niliruka palepale. Sikuruka. Nilikaa na kijiko mkononi nikihesabu faida zangu: nyumba yote peke yangu, sabuni mwezi Juni, asubuhi bila kugombezwa. Kisha nikamwona anavyoisugua ile sehemu ya kiraka kwenye kiwiko, akijikaza asilie mbele yangu, na hasira ikanipanda, maana kunitendea wema bila kuniuliza ni ubabe ule ule.

"Dagrún, mama yako anadanganya," nikasema. "Ni mimi. Nilivaa suti."

"Suti?"

"Na tai."

"Mjomba. Kwenye viota? Mwezi wa Juni?"

"Kulikuwa na wageni."

Alicheka, akaacha, akapumua kwa nguvu. "Basi mjomba ndiye anayehama. Tulipeana mikono," akasema, na sauti yake haikuwa ya daktari mkuu tena. Akasema atakuja Septemba kunichukua.

Simu ilipokatika Hallbera aliinuka, akaanza kukusanya vikombe kwa kuvigonganisha.

"Nani alikutuma useme? Nilikuwa nimeshamaliza na mwanangu."

"Wewe ungeishije mjini, dada? Ungekufa kabla ya Krismasi."

"Kufa kwangu kunakuhusu nini? Wewe unapenda mjini? Hapana, wewe huko watu watakucheka. Huwezi hata kujichagulia nguo." Akaweka vikombe chini. "Maisha yangu yote nimekubeba mgongoni, na siku moja tu niliyotaka kukufanyia jambo, umeniharibia. Ataniletea msaidizi. Mtu mwenye adabu, anayeitikia kila ninachosema. Sasa mimi nitagombana na nani?"

Alisimama akisubiri nimjibu, kwa ukali ule ule. Nikachukua kapu la vikombe na kwenda kuosha.