Mzigo wa Kupimia Skuta

Mama Kibe ndiye aliyeleta habari tukianika nguo: Wanjugu wa nyumba namba nne amepata mwanaume. Nikamuuliza ameonekana wapi. Hajaonekana, akasema, lakini Wanjugu anataka kuiongezea skuta yake nguvu, na mwanamke wa miaka arobaini na sita anayeishi na babake hawezi kuongeza nguvu ya skuta kwa sababu ya mapazia ya watu. Lazima kuna mtu wa kubebwa, na ni mzito.

Niliamini. Mimi huamini kila ninachoambiwa nikiwa na vibanio vya nguo mdomoni, kwa sababu siwezi kubisha.

Wanjugu ni dobi. Huchukua mapazia na mablanketi kule Mountain View, huyafua hapa Kinoo, kwenye ploti yetu iliyo chini kabisa karibu na mto, kisha huyarudisha yamekunjwa vizuri hadi ukiyaona unalionea haya kabati lako. Hasemi sana. Hupima. Sabuni huipima kwa kijiko, na maji kwa ndoo aliyoichora mistari kwa rangi ya kucha. Mimi sabuni humimina mpaka roho iridhike, ndiyo maana nguo zangu hukauka zikiwa na michirizi myeupe kama ramani.

Kesho yake akanigongea mlango. Alikuwa anaenda River Road kununua bloku na pistoni kubwa zaidi za injini, akataka nimsindikize, maana wanawake wawili hawadanganywi kwa urahisi kama mmoja. Nikamfunga mwanangu Shiku mgongoni haraka. Nilitaka jina la huyo mwanaume.

Alinipa jina tukivuka barabara mjini. Alikuwa Guka Gerishon, babake.

Guka alichonga mawe ya kujengea miaka thelathini. Goti lilikataa kazi, mwili haukukataa chakula. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mlima mmoja mkali, na bodaboda hapandi tangu mmoja amwangushe kwenye matope na kumwambia pole bila kuzima injini. Kwa hivyo Wanjugu alikuwa akimbeba kwa skuta. Jumapili moja ya Mei skuta ikakata tamaa katikati ya mlima. Akina mama wa kwaya walikuwa nyuma yao. Wawili wakamshika Guka makwapani, wengine wakasukuma skuta, na njia nzima wakamwimbia ili kumtia moyo. Kule kuimba ndiko kulikommaliza. Huyu ni mzee wa kanisa aliyezoea kuwakemea hao hao kwa kuchelewa. Alifika, akakaa ibada yote akitazama viatu vyake, na tangu siku hiyo haendi tena; husema Mungu anajua nyumba yake iko wapi.

Nilikuwa nimeona kwamba siku hizi Jumamosi jioni hatoki tena mlangoni kunyoa ndevu mbele ya kioo chake kidogo. Nikafikiri kioo kimevunjika. Kuona naona vizuri. Kuelewa ndiko hunishinda.

"Kilo tisini," Wanjugu akasema. "Walimpima kliniki. Nataka skuta itubebe mimi na kilo tisini mpaka mlango wa kanisa, na isikohoe hata mara moja."

Dukani, Krish, mwenye spea, alipokea bloku ya zamani ambayo fundi Musili alikuwa ameshaifungua. Akaitia kipimo cha chuma ndani ya tundu, kisha akaweka seti mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa imezidi ya zamani kwa milimita chache, na ingeingia bila kukata kitu. Nyingine ilikuwa kubwa zaidi, lakini mdomo wa injini ungelazimika kupelekwa kwa mashine ukakatwe upanuke, na ukishakatwa umekatwa. Pia ingechemka upesi na kunywa mafuta kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda.

Hakuna aliyeniuliza, nikajibu. Nikasema achukue kubwa. Nikaeleza kwamba hata viatu vya Shiku hununua saizi mbili mbele ili vimfae baadaye.

Krish akanitazama kwa upole. "Mama, mtoto hukua. Injini haikui."

Wanjugu akachukua ndogo. Mimi nikajifanya Shiku amelia.

Musili hufanyia kazi chini ya bati kando ya barabara kuu. Alinipa kazi ya kuziba tundu la injini kwa kitambaa ili kile kibanio kidogo cha pini ya pistoni kisirukie ndani. Kitambaa chake kilikuwa kimejaa mchanga, nikatoa nepi safi ya Shiku, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikasifiwa. Akatia pistoni, mshale uliochorwa juu yake ukielekea upande wa ekzosi, moshi unakotokea. Akazungusha ringi ili midomo yake isikae mstari mmoja, akapaka oili, akateremsha bloku polepole huku akizibana ringi kwa kucha. Akabadilisha na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli. Skuta iliwaka kwa teke la tatu, sauti yake imekuwa nzito kidogo, kama kijana aliyebalehe likizoni. Musili akaonya: siku kumi isibebeshwe mzigo, wala isipigishwe kelele.

Siku kumi zikaisha. Wanjugu akaja nilipokuwa nimekaa na Mama Kibe, akaniuliza mbele yake:

"Mama Shiku, una kilo ngapi?"

Nikasema sitini na nane. Haikuwa uongo kamili. Imeandikwa kwenye kadi ya kliniki, siku ya kwanza, Shiku akiwa na ukubwa wa haragwe.

Wanjugu akapiga hesabu kimya, akaenda kioski cha Ngui kuazima pakiti kumi na moja za unga, za kilo mbili mbili. Akazipanga kwenye gunia, akaliweka mbele ya miguu yake. Sitini na nane na ishirini na mbili, Guka huyo. Nikamwachia Mama Kibe mtoto, nikapanda. Guka alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama mawingu.

Tulipita pale pa kwaya vizuri. Tukapita mkuyu. Kwenye kona ya mwisho skuta ikaanza kulia, ikapunguza, ikasimama. Wanjugu akaweka miguu chini. Akafuta kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na vumbi.

"Ningechukua ile kubwa," akasema. "Kesho Musili aifungue tena, ikakatwe."

Tulipogeuka niliona, mbali kule chini, Guka akiingia ndani na kufunga mlango.

Ningeweza kunyamaza. Nilijaribu, kama hatua kumi. Kisha nikasema, "Anti, ngoja. Zile kilo ni za kitambo."

"Kitambo gani?"

"Kabla ya Shiku."

Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye duka la dawa pale pale konani, kuna mizani. Mshale ukaenda themanini na tisa. Nikavua ndala. Themanini na tisa. Nikavua sweta, nikamwachia mwenye duka simu yangu, kana kwamba ni simu iliyokuwa ikila ugali wangu. Themanini na tisa.

Wanjugu akajumlisha na gunia. "Kumbe nimebeba mtu wa kilo mia moja na kumi na moja," akasema, halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, na mwenye duka akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi nikavaa sweta.

Tuliacha unga hapo, isipokuwa pakiti moja, maana Wanjugu ni Wanjugu, na themanini na tisa si tisini. Tukateremka hadi mtoni, tukaanza upya. Nilibana pumzi njia yote, nikidhani pumzi nayo ina uzito. Pale pa kwaya, mkuyu, kona. Skuta ilipunguza mwendo, ikanguruma, ikapanda. Tulifika kanisani, Wanjugu akasogea hadi tairi la mbele likagusa ngazi ya mlango, akazima. Haikuwa imekohoa.

Aliporudisha skuta kwenye ploti hakuingia kwake. Alisimama akiutazama mlango uliofungwa, kofia ngumu mkononi.

"Mama Shiku, ingia umwambie wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nikimwambia mimi atasema ninamwonea huruma. Na umtajie kilo zako. Usipunguze."