Waceke na Friji ya Harambee

Jua limeshapanda Kiplombe, viungani mwa mji wa Eldoret, na foleni ya madebe imefika barabarani. Ndani ya kinu cha kusagia mahindi, Virginia Waceke anamimina debe la mteja, anagonga mbao za mdomo wa kinu kwa kiganja ili punje zishuke, kisha anazima injini ghafla.

Kelele inakatika. Waceke anaketi juu ya gunia, anatoa kiazi kitamu kilichochemshwa na kuanza kula.

"Mama Wacera, sisi tuko na haraka," analalamika Mzee Wanyoike, aliye mbele kwenye foleni, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Hata mimi niko na haraka ya kuishi, Mzee," Waceke anajibu huku akitafuna. "Nisipokula sasa nitaangukia huu mshipi wa injini. Utasagiwa na nani?"

Mzee anacheka. Waceke hacheki.

Ana miaka thelathini na minne, ni mama wa watoto watatu, na tangu mwaka jana, 1987, anaishi kwa sindano. Ana kisukari cha aina ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na magonjwa, hugeuka na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Bila kudungwa insulini, mgonjwa hufa. Wengi hudhani ni ugonjwa wa watoto pekee. Dhana hiyo nusura imzike Waceke.

Yalianza na kiu. "Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi," anasema. "Nikitoka chooni, kabla sijafunga mlango, nataka kurudi tena." Kisha akaanza kukonda. Gauni lake la kanisani lilipwaya hadi akalibana kwa pini.

Majirani hawakumuuliza anaugua nini. Walijijibu wenyewe. Ukimwi ulikuwa umeanza kutajwa redioni, na kila aliyekonda alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwenye harusi moja, kina mama wenzake walimpokonya mwiko.

"Waliniambia, 'Wewe pumzika tu, umechoka.' Sikuwa nimechoka! Hawakutaka nishike chakula chao. Watu niliowasagia unga miaka nenda miaka rudi!"

Katika zahanati ya karibu, tabibu alimpima mkojo akakuta sukari. Hapo ndipo nafuu ingeanza. Badala yake alipewa vidonge, maana yeye ni mtu mzima, na akaonywa aache soda na chai ya sukari.

"Akaniangalia, akacheka. Akasema huu ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi, mimi nimeutoa wapi? Nikamwambia, 'Daktari, mimi nazidi kuisha.' Akasema dawa inataka subira."

Alisubiri, akameza vidonge, akazidi kuisha. Siku moja ya soko, akiwa kazini, alitapika, akahema kama mtu aliyekimbizwa, akaanguka mlangoni pa kinu. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, kali, ile inayomtoka mtu ambaye mwili wake umekosa insulini. Polisi wa utawala aliyekuwa akipita aliinama, akanusa, akatoa hukumu papo hapo: amelewa chang'aa.

"Akanimwagia ndoo ya maji," Waceke anasimulia, na sauti yake inapanda. "Nilikuwa nasikia. Nilimsikia akisema, 'Mama mzima, mchana kweupe, hana haya.' Mdomo ukakataa kufunguka nimjibu. Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe!"

Mumewe, Gerishon Ndungu, ambaye ni seremala, aliwakuta polisi huyo na wenzake wakijiandaa kumburuta hadi kituoni.

"Niliwaambia, kama ni kufunga mtufunge sisi wawili, lakini tukitoka hospitali," anakumbuka Ndungu. Alimpakia mkewe kwenye pikapu ya muuza mbao na kumkimbiza mjini.

Huko hospitalini, alipozinduka, daktari alimweleza yale ambayo hakuna aliyekuwa amemweleza. "Hakuna ulichokosea, mama. Si sukari uliyokula. Mwili wako umejishambulia. Vidonge haviwezi kukusaidia. Utajidunga kila siku."

Waceke alilia. Mumewe alidhani ni woga.

"Zilikuwa hasira," anasema. "Kumbe ningekufa nikiitwa mlevi, na watoto wangu wabaki na hilo jina."

Alirudi nyumbani na insulini, dawa inayoharibiwa na joto, katika nyumba isiyo na umeme. Zahanati ilikuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo, iliyonunuliwa kwa harambee. Waceke mwenyewe alikuwa ametoa jogoo aliyenadiwa mbele ya umati. Sasa akaomba nafasi ya chupa moja.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, anayeshika ufunguo, alikataa. Alisema friji ni ya umma, si ya mtu mmoja.

Siku chache baadaye Waceke aliikuta wazi. Kando ya chanjo zilikuwapo soda za wageni na mguu mzima wa mbuzi.

"Mgonjwa hana nafasi, mbuzi ana nafasi!" anasema.

Nyakati hizi, mwananchi wa kawaida hasimami kwenye baraza la chifu kumuuliza mkubwa swali. Waceke alisimama, akauliza kuhusu friji. Naibu wa chifu alimwamuru aketi, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kama huyu mama anapinga maendeleo.

"Hayo maendeleo ni mimi niliyaleta, nimeyashika miguu yakipiga kelele," Waceke alijibu. "Jogoo wangu ndiye alinunua hiyo friji. Mimi naomba nafasi yake tu."

Watu wakaangua kicheko. Kisha mama mmoja akasimama na kusema yeye alitoa mayai. Mwingine, mahindi. Mary, muuguzi wa zahanati, akainua mkono na kusema wazi kwamba nafasi ipo. Wiki hiyo nyama na soda zilitoka, chupa ikaingia.

Lakini ufunguo bado uko mfukoni mwa mwenyekiti. Akisafiri, friji hufungwa, kwa hiyo Waceke ana chupa nyingine nyumbani, ndani ya chungu kilichofunikwa kwa gunia bichi. Insulini ikikosekana hospitalini huinunua kwenye duka la dawa mjini, na chupa moja hula karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi.

Hakuna aliyemwomba radhi. Yule polisi huleta mahindi yake kinuni kama kawaida. "Namsagia," anasema Waceke. "Hajawahi kuniambia hata pole."

Kinachomkosesha raha sasa ni Kipyego, dereva wa trekta kutoka kijiji cha Ziwa anayeleta mahindi hapa. Suruali yake inashikiliwa na kamba, na hatembei bila mtungi wa maji. Kwao alipimwa, akaambiwa ni sukari, akapewa vidonge na kutakiwa awe na subira.

Waceke ameshaongea na mwenye kinu. Jumatatu hakutasagwa. Atampeleka Kipyego kwa yule daktari wa mjini.

"Anasema ana mashamba ya watu ya kulima. Nimemwambia mashamba hayatoroki. Akikataa, nitaenda mpaka kwa mke wake."

Haogopi kuitwa mdaku?

"Waseme. Nimeitwa mabaya zaidi," anajibu, akifuta mikono kwenye leso. "Jumatatu tunaenda, na hatutoki hapo mpaka apimwe damu."