Khaemba na Baiskeli ya Kabla ya Vita

Ukitaka usiniamini, lakini haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja hata pombe ya busaa.

Niliacha shule mapema na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nilipopanga chumba Matisi, hapo Kitale, nikaanza kukusanya baiskeli kuukuu, zile za kabla ya vita vya Hitler. Watu huita kila chuma chenye kutu "ya mkoloni". Mimi siangalii kutu. Napiga goti, naangalia breki za fito, kitundu cha mafuta pale pedali zinapopita, na namba iliyogongwa chini ya kiti.

Siku hiyo nilikuwa naenda boma moja karibu na Ndalu, nilikoambiwa kuna baiskeli imening'inizwa jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Mbele yangu nikaona kijana wa rika langu, amevaa kaptura ya kaki, anasukuma baiskeli ya aina hiyo hiyo, inang'aa kama imetoka dukani.

"Ndugu, hii uliitoa wapi?"

"Nilinunua mpya."

"Ati mpya? Basi wewe ni babu yangu, bana."

Akacheka, akaniacha niikague. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, uliwahi kuvunjika, ukaungwa kwa shaba. Nikashika kiti cha ngozi. Kilikuwa kikavu kabisa, na mimi maji yananitiririka mgongoni. Wewe ungefanya nini? Mimi niliondoa mkono.

"Unaenda kwetu," akasema. "Waambie Khaemba amechoka kusimama nje."

Nilipoinua macho, barabara ilikuwa tupu.

Bomani nilikuta mtoto mchanga analia mpaka sauti imekauka. Alikataa titi, na daktari hakuona ugonjwa. Nyanya yake alikuwa amemwita kwa majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja, kama Wabukusu wafanyavyo, maana mtoto akilia hivyo huwa anadai jina. Alikuwa amemaliza makaburi yote ya boma.

Nani angeuliza habari za baiskeli hapo? Nikasema tu, "Mama, nimekutana na Khaemba."

"Wewe na hivyo viatu vya matope, Khaemba gani? Huyo ni ndugu ya baba mkwe wangu. Alienda vita, hakurudi. Hana kaburi hapa, tungemwitaje?"

"Si umwite tu, mama."

Akamwinamia mtoto, akalitaja jina polepole. Kilio kikakatika. Mtoto akageuza kichwa, akatafuta titi, akanyonya.

Baadaye walinionyesha baiskeli, nyeusi kwa masizi. Nilipofuta uma wa mbele, shaba ikaonekana.

Sikuiomba. Ina mwenyewe, na siku hizi mwenyewe anatambaa. Kila nikitoka Kitale kwenda Bungoma napita hapo kuitia mafuta. Mimi nisiye na kwetu, huwa wananiwekea uji.

Basi nawe unayetafuta vitu vya kale, chunga. Ukikuta kimoja kinang'aa kupita kiasi, usikimbilie kuuliza bei. Msikilize anayekisukuma, na ujumbe wake uufikishe siku hiyo hiyo. Pengine kuna mtoto anayelia.