Majani Yaliyokula Nyama Nyumbani kwa Sidonie

Sidonie aliliona kwa macho yake, asubuhi kweupe: jani limekamata kiumbe hai kwenye mkia, kiumbe kinajipinda-pinda.

Kisha kikatulia.

"Baba Cyiza, hii kitu iko inakula nyama!"

Mumewe, Modeste, hakugeuka hata.

"Ndiyo. Inakula batoto ba mbu."

Hiyo ni 2012, kijijini Misiera, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Modeste alikuwa ametoka Mbarara na sanduku la kioo la kufugia samaki. Alipewa na mzee Mbabazi wa Biharwe, ambaye Modeste alikuwa akimtunzia bustani. Mzee alikuwa anahama.

Samaki hata mmoja hamna. Ndani yalielea majani membamba yasiyo na mizizi, yamejaa vifuko vidogo kama punje za uwele. Mdudu akigusa kifuko, mlango unafunguka, anavutwa ndani. Kufumba na kufumbua, kwisha habari yake.

"Maji ya bomba itaua hii," mzee alimwambia. "Wewe weka ya mvua tu. Na chakula usisahau."

Basi Modeste hakusahau. Kila asubuhi alizunguka na kopo kwenye madimbwi ya jirani, akichota viluwiluwi vya mbu. Akirudi, anakaa mbele ya kioo. Kimya.

Sidonie ndiye aliyelima. Ndiye aliyeuza nyanya. Kiangazi kilipoingia, pipa la maji ya mvua likawa mali ya majani yale, yeye akawa anapanga foleni bombani.

"Leo nipike na maji ya mu pipa? Mgongo inaniuma."

"Hapana. Ile ni ya majani."

Jamani! Alichoka mpaka akakosa nguvu ya kukasirika.

Majirani wao hawakuchoka kusema.

"Banasema munafuga shetani," Vanessa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimnong'oneza.

Wateja wakaanza kuipita meza yake ya nyanya kama haipo. Jumapili moja kanisani, benchi zima likabaki lake peke yake. Ibada ilipoisha akamfuata Pasta Grégoire.

"Pasta, kuja utoe ile kitu. Mimi nimeshindwa."

Pasta alikuja mchana uleule, akakunja mikono ya shati, tayari kubeba sanduku. Lakini kwanza akachungulia.

"Modeste, ndugu yangu, unaangalia nini humu?"

Sidonie alijua Pasta hatajibiwa.

"Mbu ndiyo iliua Cyiza," Modeste akasema.

Mwaka mzima tangu malaria imchukue binti yao, watu waliendelea kumwita Baba Cyiza, lakini yeye jina hilo hakulitamka tena.

"Nilimubeba mpaka ku zahanati, nikafika ameshaenda. Nitapiga nani, Pasta? Nitashitaki nani? Batoto ba mbu nabaleta hapa, naangalia namna banakufa. Moja-moja."

Pasta alishusha mikono ya shati. Hakuomba. Alivuta kigoda, akakaa.

Na Sidonie? Siku zote alidhani mwenzake amemsahau mtoto. Alikaa kwenye mkeka kando yake, akatazama ndani ya kioo.

"Baba Cyiza," akasema, "kopo moja haitoshi. Madimbwi ni mingi."

Kesho yake alichukua jembe. Walianza kufukia dimbwi la nyuma kwa Vanessa.

"Tukifukia, majani itakula nini?" Modeste akauliza.

"Tufukie kwanza."

Watu walisimama kuwatazama wale wafuga shetani wakitoa jasho. Halafu Vanessa akaingia ndani, akatoka na jembe lake. Pasta akaleta vijana wa kanisa. Mvua ziliporudi, maji yalipita kwenye mifereji waliyochimba, hayakutuama.

Mbu hawakuisha, msidanganyike. Ila asubuhi moja Modeste alirudi, akasimama mlangoni, kopo mkononi, tupu.

"Mama Cyiza, nimekosa hata moja."

Alikuwa analia au anacheka, Sidonie hakuweza kujua. Majani yalipauka, vifuko vikawa vyeusi, na siku moja yakazama chini ya kioo. Yamekufa njaa.

Wewe unayesoma, kama umechoka na mtu wa ndani kwako anayekaa kimya, kabla hujaenda kuita watu, muulize anaangalia nini.

Sidonie anasema swali hilo lilichelewa mwaka mzima. Na aliyeliuliza hakuwa yeye.