Kikohozi cha Baba

Baba alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Kila alipokaribia kona ya nyumba yetu Kisondela alikohoa mara mbili, akasimama kidogo, ndipo akaingia uani. Alikuwa anampa wifi yangu, mke wa kaka, nafasi ya kujificha. Kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Hiyo ndiyo heshima. Hata kwenye shamba la ujamaa mwenyekiti alijua kumpanga baba upande wa juu na wifi kule bondeni, na hakuna aliyecheka.

Isipokuwa mimi. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na mdomoni sikuwa na jingine ila "kwa nini". Kwa nini tuimbe kwamba binadamu wote ni sawa, halafu mtu amkimbie mwenzake nyuma ya migomba? Mama alinijibu neno lile lile kila siku: "Subiri uolewe, tutakuona."

Likizo hiyo wifi aliumwa koo. Kaka alikuwa mbali, kibaruani kwenye ujenzi wa reli. Baba alikuwa amefanya kazi ya udresa, msaidizi wa tabibu, zahanati kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu watu walimletea watoto wao awatazame makoo. Wifi peke yake, aliyeishi naye ua mmoja, ndiye ambaye baba hakuweza kumtazama. Kwa hiyo alimtibu kupitia kwangu. Alikaa barazani, akanituma jikoni.

"Muulize, akimeza mate yanapita?"

Nilivuka ua kwenye mvua. Wifi alikuwa ameketi karibu na moto, shingo kaifunga kitambaa. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Yanapita kama miiba," alinong'ona.

Nikavuka tena. Baba akasema yachemshwe maji, yatiwe chumvi, yakiwa vuguvugu asukutue bila kumeza. Kisha alambe asali, na chakula kiwe uji mwembamba wa ndizi. Tulifanya hivyo siku mbili, mimi nikienda na kurudi na kulalamika. Siku ya tatu hata uji ukawa haupiti, na mwili ukapanda joto.

"Sasa sikiliza," baba akaniambia, akinipa tochi yake. "Mkandamize ulimi kwa kijiko, umulike nyuma kabisa. Kama ni wekundu tu, tuendelee na chumvi. Ukiona vidoa vyeupe kwenye mafindofindo, aende Tukuyu leo akachomwe sindano. Leo, si kesho. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilimulika, nikaviona: vidoa vyeupe pande zote mbili, dhahiri kama punje za mchele. Kilichobaki ni kuvuka ua na kusema "ndiyo". Lakini nilijiambia kwamba nikisema "ndiyo", mila itakuwa imeshinda tena. Nilitaka baba aje aone kwa macho yake, na wifi aone kwamba mbingu hazianguki. Huo ndio ukweli. Nimewahi kuusimulia kwa namna nyingine, kwamba niliogopa kukosea. Sikuogopa chochote.

"Sogea hapa mlangoni kwenye mwanga," nilimwambia wifi. "Sijaona vizuri. Fumba macho, tochi isikuumize."

"Wewe msomi," akanong'ona, "usije ukaning'oa ulimi." Akasogea, akafumba macho, akapanua mdomo.

Nikaenda barazani. "Baba, wifi ameenda chooni. Njoo jikoni uone kama chumvi imezidi kwenye maji."

"Hayupo?"

"Hayupo."

Baba akainuka, akakata kona. Hakukohoa.

Wifi alisikia miguu isiyokuwa yangu, akafumbua macho. Sauti iliyotoka kwenye koo lile bovu bado ninayo masikioni. Alijifunika kanga uso mzima, akatoka mbio, akateleza kwenye tope, akainuka, akapotea migombani. Baba hakumfuata kwa macho. Alikuwa ameshageukia ukuta, paji la uso karibu liguse mianzi, mikono imening'inia, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

"Ulisema hayupo."

"Baba, ni koo tu. Wewe ni dresa, ume..."

"Ulisema hayupo."

Mama alikuja mbio kutoka shambani. Alimtazama baba ukutani, akanigeukia. "Hayo mafindofindo, umeyaona?"

"Yana vidoa."

"Umeviona saa ngapi?"

Nilizima tochi. Alikwenda kumtafuta wifi, akamkuta kwa jirani ameloa, anatetemeka. Wakaianza njia ya Tukuyu kwa miguu, wawili, wamejifunika jani moja la mgomba. Nilipotaka kufuatana nao wifi alitikisa kichwa. Kuongea hakuweza, lakini hilo aliliweza.

Alichomwa sindano, akapelekwa kwao, akapona huko. Ilibidi mama aende mara mbili kumwomba ndipo arudi. Siku aliyorudi nilimkuta jikoni akimenya ndizi, nikaanza kuomba msamaha kwa maneno marefu ya kichuoni. Akanikatiza.

"Nilifumba macho kwa sababu ni wewe," akasema, na akaendelea kumenya.

Zilikuwa zimebaki siku chache nirudi Dar es Salaam. Alasiri moja nilikuwa peke yangu uani nikichambua maharage. Nilisikia hatua za baba zikija na jembe, zikasimama kabla ya kona.

"Pita, baba," nikasema. "Wifi yuko mtoni."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona akienda na ndoo.

 Upande wa pili wa ukuta, baba akakohoa mara mbili. Akasubiri. Akakohoa tena.