Shikamoo Niliyomnyima Mjomba

Mimi nilikuwa mdomo wa diwani wetu. Spika nimeifunga kwenye pikipiki, nazunguka kata nzima namsemea. Hakunilipa, na sikutaka. Shule niliishia darasa la saba, kusema nimejifunza mwenyewe, na yeye ndiye wa kwanza kuniambia nasema vizuri. Ukimgusa, umenigusa mimi.

Na alistahili. Kila masika mvua inaikata barabara yetu ya kushushia kabichi Mombo, kijiji kizima kinatoka msaragambo kuitengeneza. Diwani alikuwa anafika wa kwanza, jembe begani, suruali kaikunja. Mjomba wangu ndiye mgawaji wa vipande vya kuchimba, na makusudi kabisa alikuwa anampa kona ya mawe. Diwani anacheka, anachimba.

Basi akagombea ubunge, akashinda. Wiki nzima sikuwa na sauti.

Msaragambo uliofuata hakuja. Yuko Dodoma, tukaelewa. Wa pili akamtuma dereva na kreti za soda. Mjomba akazitazama, akasema mbele ya watu kwamba kona ya mawe haichimbwi kwa soda. Watu wakacheka. Mimi damu ikapanda. Nikamwambia ana wivu, amegawa vipande miaka yote hiyo na hata uenyekiti wa kitongoji hajaupata.

Akarudi kugawa vipande. Hilo nadhani lingepita, kwetu watu wanatukanana mtaroni na jioni wanakula sahani moja. Kosa nililifanya kesho yake. Nilimkuta njiani na wazee wenzake wawili. Wale wawili nikawaamkia mmoja mmoja, yeye nikampita kama kisiki. Mtu aliyenilea tangu baba alipofariki.

Nikampigia mbunge kumweleza nilivyompigania. Akasema yuko kikaoni, asante sana kamanda. Hakupiga tena.

Muhula ulipoisha, kura za maoni zikamwangusha. Nilidhani atahamia mjini moja kwa moja. Masika hii, siku ya msaragambo, tunamwona huyo anapanda kwa miguu, jembe begani, kitambi kimemtangulia. Akaenda mpaka kwa mjomba, akainama.

"Shikamoo mzee. Kipande changu bado kipo?"

"Marahaba. Kipo, tulikuwekea," mjomba akasema. "Ila mawe yameongezeka."

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka. Nikaona hapo hapo ndipo pa kuingilia. Nikasogea, nikainama kuliko alivyoinama yeye.

"Shikamoo mjomba."

Akanitazama bila hasira hata kidogo. Bora angenitukana.

"Kamsaidie bosi wako," akasema. "Kona ile ni ya watu wawili."

Tukachimba mpaka adhuhuri, mimi na mbunge wa zamani. Mikono ilimtoka malengelenge, hakulalamika. Katikati ya kazi akaniuliza kama mimi na mjomba tuna shida. Ningeweza kumwambia imetokana na soda zake. Nikasema hakuna shida, ni uzee tu. Hata hapo nilikuwa namlinda yeye.

Jioni nikapita kwa mjomba, nikasimama mlangoni, nikaamkia tena.

"Salama," akajibu, kama anavyomjibu mtu wa rika lake, akaendelea kumenya viazi.